Uzoefu wangu na komandi ya ip kwenye Linux: unafuta anwani moja, zinaondoka zote

Wakuu, mie natumia Linux kwenye seva za wateja wangu hapa Tanga muda mrefu na sina mpango wa kuhama, ila kuna tabia moja kwenye kufuta anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine kwenye mtandao) lazima niiseme maana inakata watu kazini.

Iko hivi. Kuna steshenari moja Ngamiani naihudumia, wana seva ndogo inatunza mafaili ya wateja na kupokea kazi za printa, ilikuwa inatumia 192.168.1.5. Ikaja rauta mpya inayogawa anwani kuanzia .2 mpaka .19, kwahiyo ile .5 siku yoyote ingegongana na simu ya mtu. Nikaongeza anwani mbili kwenye kadi ileile ya mtandao, .20 ya mafaili na .21 ya printa, nikahamisha mashine zote, mambo yakawa yanaenda freshi. Imebaki kuiondoa .5 tu. Nipo nyumbani Pongwe, nikaingia kwenye seva kupitia .20, makusudi kabisa, ili hata .5 ikiondoka mie nisikatike, nikaandika ip addr del 192.168.1.5/24 dev eth0, nikabonyeza enta, skrini ikaganda hapohapo.

Haukupita muda dada wa kaunta akapiga: "Fundi, printa zote zimegoma na wanafunzi wamejaa hapa wanataka kazi zao!"

Bodaboda mpaka Ngamiani. Nikachomeka skrini na kibodi kwenye seva, nikapiga ip addr, kadi inasoma UP, taa ya swichi inawaka vizuri, lakini mstari wa inet (anwani za IPv4, za aina kama hizo zangu) haupo hata mmoja, umebaki ule wa inet6 (IPv6, aina mpya ya anwani) unaoanza na fe80 peke yake. Yaani .20 na .21 ambazo sikuzigusa nazo zimeenda na .5.

Sasa kumbe ndo ilivyotengenezwa. Kwenye IPv4, anwani ya kwanza kuwekwa kwenye subneti (kundi la anwani za mtandao mmoja) inakuwa kiongozi, zinazofuata za subneti hiyohiyo zinahesabiwa za pili, na ukiangalia ip addr utakuta zimeandikwa secondary. Ukimfuta kiongozi, kerneli (kiini cha Linux) inafuta na wafuasi wake wote, haikuulizi, haikupi onyo, komandi inarudi kimya kama imefanya ulichoomba. IPv6 haina mambo haya, kule unafuta moja inaondoka hiyohiyo, ndo maana unaweza kuzoea upande mmoja ukaja kushtuka upande wa pili.

Dawa ipo na ni mstari mmoja:

sysctl -w net.ipv4.conf.all.promote_secondaries=1

Hapo ukifuta kiongozi, wa pili anapandishwa cheo na wengine wanabaki. Nikairudisha .5 ikiwa ya kwanza, .20 na .21 zikafuata nyuma yake, nikafuta tena huku dada anaprinti, kazi haikukatika. Ila hiyo -w ukiwasha upya inapotea, andika kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/. Baadhi ya mifumo inakuja imeshaiwasha na mingine bado, kwahiyo kabla ya kufuta chochote kwenye seva iliyo mbali piga kwanza sysctl net.ipv4.conf.all.promote_secondaries, alafu rudia ukiweka jina la kadi yako badala ya all, mojawapo ikiwa 1 inatosha, zote zikiwa 0 usithubutu.

Alafu wale mnaotumia ifconfig bado, ile komandi ya zamani ya mtandao, jamani acheni, anwani iliyoongezwa kwa ip bila lebo haionyeshi kabisa, unaweza kuapa seva ina anwani moja kumbe zipo tatu.

Kama chombo, hii ip naipa alama za juu, ni nyepesi na inafanya mengi kuliko ile ya zamani. Nnachodai mie ni mstari mmoja tu kwenye skrini kabla haijafuta, useme anwani hizi na hizi zitaondoka pamoja, maana anayekaa mbali na seva asipokumbuka kukagua kwanza hana namna nyingine ya kujua.