Programu za simu za kupima chumvi kwa mgonjwa wa figo: ipi uanze nayo

Kabla hujalipia programu yoyote, nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani sodiamu chini ya miligramu 2,000, na wagonjwa wengi wa figo hupewa kiwango hichohicho. Programu nyingi zimetengenezewa watu wanaokula vya pakiti. Huku kwetu Mtwara na Lindi chumvi tunaitia sufuriani kwa mkono, nyingine inakuja na ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo kamera ya simu haiioni.

Ya kwanza: Cronometer, ile ya bure. Inaonyesha sodiamu, potasiamu na fosforasi kwa pamoja, vitu ambavyo mgonjwa wa figo huambiwa avichunge. Pia unaweza kuingiza mapishi yako mwenyewe. Pima kopo la chumvi kabla ya kupika, lipime tena ukishaepua. Likipungua gramu 12 na mko wanne mezani, kila sahani ina gramu 3, karibu miligramu 1,200 za sodiamu. Mlo mmoja tu, na zaidi ya nusu ya siku imekwisha! Hifadhi mchuzi huo kwenye programu kwa jina lake, ukiupika tena unauchagua tu. Iko kwa Kiingereza, kwa hiyo mzee aanze na mjukuu pembeni.

Kwenye ng'onda ndiko wengi wanakodanganyika. Ukichagua samaki mbichi, programu itakuonyesha sodiamu kidogo mno. Tafuta samaki aliyekaushwa kwa chumvi: cod wa namna hiyo, kwenye majedwali ya Marekani, ana karibu miligramu 7,000 kwa gramu 100. Si ng'onda wetu, ila anakusogeza karibu na ukweli. Kumloweka na kumwaga maji kunapunguza chumvi, lakini mgonjwa namshauri anunue samaki mbichi.

Ya pili: MyFitnessPal. Ina vyakula vingi, tatizo ni kwamba vingi vimeingizwa na watumiaji, hivyo chakula kilekile unaweza kukikuta na takwimu zisizolingana. Kusoma msimbo wa mistari wa pakiti kwa kamera kulihamishiwa kwenye huduma ya kulipia mwaka 2022. Soma kibandiko mwenyewe: sodiamu zidisha kwa 2.5, unapata chumvi. Mchuzi mix usiusahau.

Ya tatu: daftari la kuandikia lililomo kwenye simu. Halili bando. Andika chakula na chumvi uliyopima, upeleke kliniki, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi.

Usinunue programu ya kulipia isiyoonyesha potasiamu. Na chumvi mbadala iache kabisa mpaka daktari aruhusu, hata kama programu imeipendekeza. Nyingi zina kloridi ya potasiamu. Figo dhaifu zikishindwa kuitoa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama.