PyQtGraph kwa grafu za laivu: uzoefu wangu kwenye laptop ya mtumba

Wakuu, kwa wale mnaotengeneza programu za kompyuta zinazosoma sensa na kuchora grafu hapohapo data inapoingia, niwape uzoefu wangu na PyQtGraph, maktaba ya Python ya kuchora grafu. Nimeitumia muda sasa, na naona watu wanaisifia kasi tu bila kusema hiyo kasi unaipataje, maana ukiichukua kama ilivyo na kuanza kumwaga data inaweza kukusuasulia vilevile.

Mi kazi yangu ni mota. Napima mtetemo wa mota za mashine za kusaga na pampu za maji, sensa ni ADXL345 naibana karibu na beringi, inaenda ESP32 (kibodi kidogo chenye chipu cha kusoma sensa) halafu USB mpaka kwenye laptop. Hiyo sensa ikisukumwa mpaka mwisho inatoa sampuli 3200 kwa sekunde, na mihimili (pande za kupima, X, Y na Z) iko mitatu, kwa hiyo ni namba 9600 kila sekunde. Na mwenye mashine anataka auone mstari unacheza mbele ya macho yake, ukimwambia subiri nikachakate nitakuletea kesho anahisi unamzungusha.

Kabla ya hapo nilikuwa Matplotlib, maktaba nyingine ya Python ya grafu, na bado naiheshimu sana, marehemu John Hunter aliitoa 2003 akiwa anahangaika na data za mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo picha ya kuweka kwenye ripoti natolea huko. Ila yenyewe imejengwa kwa ajili ya picha safi ya kuchapisha, ukiiambia chora inachora upya kila kitu, mstari, gridi, namba za pembeni, maandishi yote. Kuna ile mbinu ya kublit, unahifadhi mandhari halafu unachora mstari peke yake juu yake, inasaidia kweli, lakini ukitaka na namba za muda kule chini zitembee basi mandhari imeshabadilika na faida yote inaliwa.

PyQtGraph imekaa juu ya Qt (mfumo wa kutengeneza madirisha ya programu) na NumPy (maktaba ya hesabu za Python), ni bure, leseni ya MIT, unaiweka na pip pamoja na PySide6 au PyQt6, zinazoiunganisha Python na Qt, basi. Halafu andika python -m pyqtgraph.examples itafunguka dirisha lenye mifano kibao, upo wa grafu zinazotembea na upo wa kupima kasi. Aisee anzieni hapo, maelezo ya maandishi yamebana sana na vitu vingi nimevielewa kwa kusoma hiyo mifano.

Sasa kasi yenyewe. Mstari unautengeneza mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo kila data mpya unaita setData kwenye mstari uleule. Video nyingi za mafunzo zinafuta grafu na kuita plot upya kila mara, hapo unajenga nyumba na kuibomoa mara 30 kwa sekunde halafu unalalamika mafundi wako wavivu. Na kusoma kutenganishe na kuchora: thredi moja (kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) inasoma USB na kujaza bafa, yaani ghala la muda la data, halafu QTimer (saa ya Qt) ya milisekunde 33 hivi ndo inakuja kuchukua kilichopo na kuchora. Skrini nyingi zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, sasa kuchora mara 3200 unamchorea nani? Ila thredi ya kusoma isiguse dirisha kabisa, Qt haitaki, programu inaweza kufa ghafla bila hata kukwambia sababu.

Hapa ndo penye utamu kwangu. Nikionyesha sekunde 20 za mhimili mmoja hizo ni nukta 64,000, na skrini yangu ina pikseli 1920 kwa upana, yaani nukta kama 33 zinagombania safu moja ya pikseli. Unawasha setDownsampling(auto=True, mode='peak') na setClipToView(True), inapunguza yenyewe na kuachana na zilizo nje ya dirisha. Hilo neno peak msiliache. Ukiweka subsample inaokota nukta moja moja na kuruka nyingine, ukiweka mean inachukua wastani, na dalili ya beringi iliyochoka ni kishindo kifupi mno, nukta chache tu, kwa hiyo kwa subsample kinaweza kurukwa na kwa mean kinalainishwa mpaka mstari unaonekana mzima wa afya. Peak inabaki na cha juu kabisa na cha chini kabisa, kishindo kinabaki kimesimama kama sindano, na mi hicho kishindo ndo nimelipwa nauli kukifuata.

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi ni unene wa mstari. Unene wa 1 unapita vizuri tu, weka 2 ili mtu aliyesimama mbali aone, Qt inaanza kutumia njia nzito ya kuchora na mashine yangu ya mtumba inaanza kuganda. Ukiwasha useOpenGL mara nyingi inapona, ila hapo unategemea draiva ya grafiki ya mashine husika, kwa hiyo mi naiacha imezimwa na mstari unabaki mwembamba, atakayetaka asogee karibu.

Pia zimeni ile ya grafu kujipanga kipimo yenyewe (auto-range) kwenye mhimili wima. Inakula muda, sawa, lakini kikubwa zaidi inadanganya macho, mota ikitulia grafu inavuta kelele ndogo mpaka zinajaa skrini na mteja anashtuka bure. Mi nafunga kwa setYRange na kazi inaendelea.

Upande wa masafa (frequency), mota ya poli nne kwenye umeme wetu wa Hz 50 ikibeba mzigo huwa inazunguka kama mara 1440 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde, kwa hiyo natazama kilele cha Hz 24, kikipanda sana naanza kushuku puli haijakaa sawa kwenye mizani. Hesabu ya kuugawa mtetemo kwa masafa yake, FFT, mi naipiga mara mbili tu kwa sekunde, hakuna haja ya zaidi.

Malalamiko yangu: mwonekano wake wa kuanzia ni mweusi na mkavu, inabidi ubadilishe mwenyewe, na picha ya kuchapa haifikii Matplotlib. Nyota 4 kati ya 5.

Na kama mnataka kupima kasi, msiweke saa kabla na baada ya setData mkashangilia, kwa sababu setData inaacha tu oda ya kuchora, Qt inachora baadaye, kwa hiyo utaona milisekunde kiduchu wakati dirisha linakwama. Hesabuni ni freimu ngapi zimechorwa kweli kwa sekunde, ule mfano wa kupima kasi unaonyesha namna ya kufanya.