Jaketi la neti la pikipiki, baridi ya alfajiri na jua la saa saba hapa Mwanza (uzoefu wangu)

Mi nanunua dagaa, na mzigo mzuri wa dagaa haukusubiri mpaka kupambazuke vizuri. Mitumbwi inarudi kumi na moja, kumi na mbili hivi, kwahiyo ukitaka kuchagua kabla wenye fuso hawajafika inabidi uwe umeshakaa mwaloni Igombe au Kayenze kungali giza. Maana yake natoka Pasiansi saa kumi alfajiri na Boxer yangu, ziwa liko kushoto, barabara imelala, baridi inachoma. Alafu narudi saa saba mchana na gunia nyuma, jua limesimama utosini. Siku hiyohiyo, nguo hizohizo. Ndo maana nimeamua niandike kuhusu hili jaketi la neti ambalo nimelivaa mwaka mzima, kiangazi, vuli mpaka masika, maana naona vijana wengi wanateseka na kitu ambacho kina suluhisho.

Mtu wa mbali akisikia Mwanza anawaza joto tu. Lakini huku tuko juu, ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti usiku unakuwa hauna mawingu, ardhi inapoa haraka, alfajiri unakuta nyuzi 15 au 16. Kwa anayetembea kwa miguu hiyo ni sweta na safari inaendelea. Kwenye pikipiki ukiwa na spidi 60 ni habari nyingine kabisa, kwasababu mwili unajitengenezea kahewa kembamba ka moto juu ya ngozi na ule upepo unakafagia muda wote, unatengeneza tena unafagiwa tena, mpaka unafika Kayenze meno yanagongana na vidole havisikii klachi. Kwahiyo adui namba moja alfajiri ni upepo, nyuzi zinafuata baadae. Hili ukilishika mengine yote utayaelewa.

Bodaboda wa huku wanalijua hili siku nyingi. Ona wanavovaa lile jaketi la kuvimba la mtumba, wanaligeuza, mgongo unakaa mbele na zipu inaenda nyuma. Wengine wanalicheka lakini mi naliheshimu sana, maana zipu ndo mlango wa upepo, ukiutoa kifuani umeziba. Wengine wanaweka boksi au gazeti kifuani chini ya shati, na lenyewe linafanya kazi kweli, karatasi haipitishi upepo. Shida ya jaketi la kuvimba inaanza jua likitoka. Saa nne tu unalivua, unalifunga kiunoni au kwenye keria, unaendesha na tisheti, na siku ukidondoka ni ngozi yako na lami. Na likinyeshewa linakunywa maji yote, linakuwa zito, linakaa siku mbili halijakauka.

Sasa jaketi lenyewe. Ni lile la waendesha pikipiki wa nje, kifua na mikono kwa mbele ni neti ngumu yenye matundu makubwa, mabegani na viwikoni ni kitambaa kizito cha kodura, na ndani kuna pedi za mabega, viwiko na mgongo. Linakuja na bitana mbili za kutoa na kuweka kwa zipu, moja ya joto na nyingine ya mvua. Mi nilinunua mtumba pale soko la Mlango Mmoja kwa 85,000, jipya ni mbali sana na hapo. Kabla ya kutoa hela chomoa pedi uziangalie, za kweli zina alama ya mtu wa pikipiki na maandishi ya kipimo cha Ulaya, EN 1621-1 kwa mabega na viwiko, EN 1621-2 kwa mgongo, alafu kiwango 1 au 2. Kiwango 2 ni bora zaidi, inapitisha nguvu ndogo ya kishindo kufika kwenye mfupa. Ukikuta ni sponji tupu kama la godoro hilo ni pambo, lipia bei ya pambo.

Kwenye baridi ndo palinifundisha zaidi. Bitana ya joto peke yake chini ya neti haifanyi chochote cha maana ukiwa kwenye mwendo. Ni nene, ina pamba pamba, ukiivaa nyumbani unatoka jasho, lakini ukiingia barabarani upepo unapita kwenye neti unapita na kwenye bitana unafika kifuani bila hodi. Bitana ya mvua ile nyembamba ambayo wengi wanaitupa au wanamwachia muuzaji ndo mwenye kazi, maana haipitishi maji na haipitishi upepo pia. Hii ndo naanza kuweka. Miezi mingi ya mwaka jezi ya mikono mirefu plus bitana ya mvua vinatosha kabisa mpaka Kayenze. Julai ndo naongeza ya joto, na ya joto inakaa ndani upande wa mwili, ya mvua inakaa nje yake, usigeuze. Unanunua koti moja unapata manne. Mtumba mwingi unakuta bitana zimepotea, ukikuta jaketi zuri halina bitana usiliache, kajaketi kepesi ka kuzuia upepo kavae ndani yake na kazi ni ileile.

Shingo jaketi halikusaidii. Kola ni fupi, na pale shingoni damu inapita karibu na ngozi, upepo ukipata upenyo hapo unapoa mwili mzima. Mi navaa mzula mwembamba unaofunika shingo, juu helmeti. Mzula mnene wa sufu usivae chini ya helmeti, unaifanya helmeti icheze na ikicheza haikulindi.

Mikono nimejaribu glavu za aina nyingi na jibu nililopata si glavu, ni ile mifuko ya reksini ya kufunga kwenye usukani, unaingiza mikono humo unashika klachi na breki ndani. Fundi wa siti yeyote anakushonea, mwambie tu aache nafasi ya breki irudi vizuri na iwe migumu isikandamizwe na upepo ikagusa breki, hilo likague kabla hujaondoka kwake. Na kuna kitu watu hawakijui, vidole vinapoa kwasababu kifua kimepoa. Mwili ukiona kiwiliwili kina baridi unapunguza damu ya mikononi na miguuni ili moyo na mapafu yabaki na joto. Kwahiyo unaweza ukavaa glavu mbili na vidole vikafa ganzi, alafu ukaziba kifua vizuri vidole vikarudi na glavu ya kawaida.

Tukija kwenye joto, hapa jaketi linapata maksi zangu zote. Nikimaliza mzigo natoa bitana zote nazikunja naweka kwenye mfuko, nabaki na neti. Ukiwa kwenye mwendo unasikia hewa inaingia kifuani inatokea mgongoni, jasho linakauka na likikauka linachukua joto la mwili linaondoka nalo. Watu wananiuliza mwaloni we kaka hujaungua humo ndani, nawaambia nikiendesha na tisheti naungua zaidi, na ni kweli. Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi 2 na nusu tu kusini, jua halina kivuli huku, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita wima kabisa juu ya vichwa. Mkono ulio wazi unapigwa na jua moja kwa moja na jasho linakauka haraka mno, unakausha maji mwilini bila kujua. Neti inakupa kivuli na upepo kwa pamoja.

Ndani yake vaa jezi. Jezi ya mpira ile ya polyesta, iwe ya Simba au ya Yanga, inapitisha jasho na inakauka chapchap. Pamba inashika jasho, na hiyo ni mbaya pande zote mbili, mchana inakugandia, alfajiri inakupoza maana maji yanatoa joto mwilini haraka kuliko hewa kama mara 25. Nikiwa natoka Magu mchana, ile njia ya Kisesa kama kilomita 60 hivi, kiangazi kikiwa kikali, nalowesha jezi kwenye bomba, naikamua, navaa, juu jaketi nafunga zipu. Nusu saa ya kwanza ni kama mtu amekufungulia friji. Masika ukijaribu hivyo unafaidi kidogo maana hewa yenyewe imejaa unyevu, maji hayakauki. Na kunywa maji, kabla hujasikia kiu.

Kwenye foleni jaketi halina msaada, niseme ukweli. Mabatini pale jioni ukisimama nyuma ya daladala hewa haitembei, injini inakupulizia joto mapajani, neti au sio neti utatoka jasho. Fungua zipu mpaka kifuani, ukiondoka funga. Na kama unachagua rangi chukua ya kijivu au nyeupe, nyeusi inavuta jua, alafu saa kumi alfajiri mtu wa roli hakuoni.

Upande wa mvua ndo lawama yangu kubwa na hili lipo karibu kwenye majaketi yote ya mtindo huu. Bitana ya mvua inakaa ndani. Mvua ya ziwani haipigi hodi, inakuja na upepo, ukishaiona inakimbia juu ya maji una dakika chache tu, sasa huku uvue jaketi, uunganishe zipu, uvae tena, umeshalowa. Na hata ukiwahi, we unabaki mkavu lakini jaketi la nje linalowa lote, linakuwa zito na upepo ukilipiga linakupoza. Mi nimeachana na habari hiyo, kwenye mvua navaa koti la mvua la kawaida na suruali yake JUU ya jaketi, linakaa chini ya siti limekunjwa. Saizi kubwa mbili kuliko yako, la sivyo halipiti juu ya pedi. Bitana ya mvua kwangu imebaki kuwa ya upepo tu.

Upepo wa ubavuni nao uufikirie. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari ya Sengerema imekuwa tamu, kilomita 3 za daraja unavuka bila kusubiri kivuko. Lakini kule kwenye kivuko ulikuwa unapata muda wa kujipanga, kuongeza nguo, kufunga shingo. Sasa hivi unaingia darajani moja kwa moja na pale katikati ya maji hakuna mti wala nyumba ya kukukinga. Jaketi likiwa pana linajaa hewa linakuvuta pembeni. Hili langu lina vibanio vya mikononi na kiunoni vya kukaza, nilikuwa sivijali, sasa navikaza kabla sijapanda daraja na linatulia.

Neti pia ina wageni. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji, wakitua barabarani unapita nao kifuani, wanaingia kwenye matundu. Teremsha kioo cha helmeti, punguza mwendo, na kama ni jioni weka bitana. Kioo kikishika mvuke alfajiri, paka sabuni ya maji ya vyombo kidogo kwa ndani, acha ikauke, futa kwa kitambaa laini mpaka kiwe safi, mvuke haushiki siku nzima.

Uimara wake, kodura haijachoka popote, nyuzi hazijaachia. Zipu ya bitana ya joto ilikufa mapema, fundi cherehani akaweka nyingine ya chuma na imetulia. Harufu ya dagaa ndo vita ya kudumu. Natoa pedi zote, nalowesha jaketi usiku kwenye maji yenye sabuni ya kawaida, nafua kwa mkono. Bitana ya mvua usiiwekee dawa ya kulainisha nguo na usiianike juani, inaanza kupitisha maji, anika kivulini. Mama mmoja tunayeuziana Igombe alinipa dawa yake, ndimu kwenye maji ya kusuuzia, na kweli inapunguza. Asante mayu.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, na helmeti nzuri unayo tayari maana hiyo haina mjadala, nunua hili jaketi kabla ya glavu za gharama na kabla ya buti. Kwa anayezunguka mjini tu mchana, Nyamagana na Kirumba, bitana hazina haja, tafuta la neti tupu lenye pedi nzima utalipata kwa bei nafuu zaidi. Kwa sisi wa alfajiri bitana ya mvua usiiache dukani.

Magoti bado hayajapata dawa. Kwa sasa naweka kipande cha reksini mbele ya tenki kinashuka mpaka miguuni, kinazuia upepo vizuri lakini ukiwa na gunia na njia ya mchanga kinasumbua. Natafuta suruali ya neti yenye pedi za magoti, kiuno 36, ukiiona Mlango Mmoja nishtue.