Seti ya kufunga flai za trauti: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nimekaa na hii seti miezi minne ndo naandika, sikutaka kuandika siku ile ile nimefungua boksi. Mi niko Mbale, Uganda, na wikendi nikipata nafasi napanda mto Sipi, kule mlima Elgon, kuvua trauti, samaki wa maji ya baridi. Flai, yaani ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ili samaki adhani ni mdudu, nilikuwa nanunua zilizofungwa tayari Kenya, wenzetu kule wanafunga za kuuza mpaka nje, lakini zile nnazozitaka mimi za manyoya laini kuzipata ni shida, unakuta za kuelea juu ya maji na zile za kichwa cha shanga basi. Nikaona nifunge mwenyewe. Seti imenitoka shilingi 210,000 za Uganda na usafiri ndani yake. Kuna jiriwa ya kushikia ndoana, bobini ya uzi, mkasi, kibanio cha manyoya, kifaa cha kupigia fundo la mwisho, uzi rangi tatu, ndoana saizi 12 mpaka 16 (namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo), manyoya ya tausi na ngozi nzima ya shingo ya jogoo na manyoya yake.

Na hiyo shingo ya jogoo ndo kesi yangu kubwa. Wameandika seti inafaa kwa flai za aina zote. Sio kweli. Unyoya wa jogoo ni mgumu, unang'aa, kazi yake ni kuishikilia flai ielee. Flai ya manyoya laini inazama kidogo, inafanya kazi ndani ya maji, na unyoya wake lazima ulegee, ukilowa ujikunje na kufunguka kama miguu ya mdudu anayetoka chini kwenda kutoa mabawa juu. Trauti anaangalia huo mtikisiko. Nilifunga sita na hayo ya jogoo nikapanda nazo Sipi asubuhi nzima, ndani ya maji zimesimama wima kama brashi ya viatu, hakuna samaki hata mmoja aliyegusa.

Kule Yorkshire, Uingereza, wanafunga hizi tangu enzi za mababu, hariri ya rangi ya chungwa na unyoya wa kwale wa kwao, na wavuvi wengi wanazipenda sana Septemba mpaka Novemba majani yakidondoka, kuna vidudu vidogo vya rangi ya zeituni vinatoka mtoni wakati huo. Kamusi inaita majira hayo vuli lakini vuli tunayoijua sisi ni mvua, so msichanganye. Huku Elgon mi nangoja mwisho wa mwaka mvua ipungue maji yasafike, ila flai ni ile ile.

Kwale wa porini sikumgusa na nawaomba na nyie msiwawinde kwa ajili ya manyoya, ndege wa pori wanalindwa na sheria. Nilienda sokoni kwa mama mmoja muuza kuku, nikamwambia mama shikamoo, naomba manyoya ya shingo na mgongo ya kuku jike wa kienyeji mwenye madoa ya kahawia. Akashangaa, "Mwanangu, manyoya tu? Na nyama aile nani?" Nikanunua kuku mzima. Manyoya nikayaosha kwa sabuni, nikayakausha kivulini, nikayafunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikayaweka friza siku kadhaa kuua wadudu. Jamani, tofauti ni mbingu na ardhi! Kuku mmoja ana manyoya ya kufunga flai mwaka mzima.

Kufunga kwenyewe sio kugumu. Anza uzi nyuma kidogo ya tundu la ndoana, zungusha kwenda nyuma ukiubana vizuri mpaka usawa wa ncha ya ndoana, rudi mbele, hapo mwili umeisha, usinenepeshe. Ukitaka weka manyoya kidogo sana ya sungura karibu na kichwa, yanausukuma unyoya usilale kabisa. Unyoya wenyewe chagua ambao nyuzi zake zikilazwa zinafika mwisho wa ndoana au zinapita kidogo tu. Toa sufi yote ya chini, ufunge kwa upande wa ncha ya unyoya, uzungushe unyoya mara mbili. Mbili! Mi nilikuwa nazungusha nne tano nikidhani ndo uzuri, inakuwa kichaka.

Tukirudi kwenye vifaa. Jiriwa inashika vizuri saizi 12 na 14, ya 16 inateleza ukivuta uzi kwa nguvu. Mkasi mkali, sina neno. Bobini ilinitesa, mdomo wa bomba lake una makali yanakata uzi, na uzi ukikatika katikati ya kazi flai yote inafumuka. Niliviringisha kipande cha msasa laini nikasugua mdomo kwa ndani, imepungua, haijaisha. Muuzaji nilimwandikia mara mbili, kimya mpaka leo, na hapo nimeumia maana hela ilikuwa ya kujibana.

Juzi nimerudi Sipi na za kuku, saizi 14, mwili wa chungwa. Natupa kukata mto kuelekea chini kidogo, naacha maji yazungushe uzi wenyewe bila kuvuta, flai ikifika mwisho ikaanza kupanda juu ndo mkono unasikia tu! Trauti watatu kabla ya saa sita, wawili nikawarudisha.

Nyota tatu kati ya tano, hizo tatu ni za jiriwa, mkasi na kifaa cha fundo. Kama unataka za manyoya laini tu usilipie seti kubwa, nunua vifaa peke yake na pesa ya manyoya upeleke kwa muuza kuku. Mi nimeagiza bobini ya mdomo wa kauri, ikifika nikafunga nayo dazeni mbili hivi nitakuja kuwaambia kama uzi bado unakatika.