Contessa 32 kwa anayesafiri peke yake: uzoefu wangu

Ukiwa peke yako baharini, usingizi ndio unaokushinda kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo nilipokuwa natafuta mashua ya matanga hapa kusini mwa Uingereza, swali langu lilikuwa moja: itajiongoza nikiwa nimelala? Nikaishia kwenye Contessa 32 ya mtumba, na sijatamani nyingine.

Ni mashua ya futi 32 iliyochorwa na David Sadler, ikaanza kuundwa na Jeremy Rogers kule Lymington mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, unabeba karibu nusu ya uzito wote. Hata wimbi likiilaza kupita nyuzi 90, inainuka yenyewe. Katika mbio za mashua za Fastnet za mwaka 1979, zilizokumbwa na tufani iliyoua washindani 15, ni mashua moja tu katika daraja la ndogo kabisa iliyomaliza mbio: Contessa 32 iitwayo Assent. Habari hiyo ndiyo iliyonipa imani.

Lakini kinachonilaza usingizi ni usukani wa upepo uliofungwa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ubao mwembamba umesimama juu, umelenga upepo. Chombo kikipotoka, upepo unaulaza ubao, nao unageuza kasia lililozama majini. Maji yanayopita yanalisukuma kasia pembeni kwa nguvu, na kamba zake mbili zinavuta mkono wa usukani mkuu wa mashua mpaka chombo kirudi njiani. Umeme hautumiki hata kidogo. Nikielekea visiwa vya Azores, katikati ya Atlantiki, upepo wa ubavuni, usiku nilikuwa nasikia zile kamba zikilia kwenye kapi, kwi, kwi, najua kazi inaendelea. Nalala kidogo, naamka kutazama kama kuna meli, narudi kulala. Upepo mwanana wa nyuma ndio unaoulegeza usukani huo. Hapo nawasha kiendeshi kidogo cha umeme kinachoshika usukani badala yake.

Ndani ni pembamba, maana upana wa mashua haufiki mita 3. Bandarini utaona dhiki. Baharini, chombo kikienda mrama, popote uliposimama mkono unapata pa kushika, nami siwezi kubadilisha hilo kwa sebule pana. Ila jiandae kulowa: sitaha iko chini, na ukienda bisho, yaani kuukabili upepo, mawimbi yanapanda.

Contessa 32 nyingi sasa ni za zamani. Mlete fundi akague maungio ya mkuku kabla hujalipa, na tenga fedha za waya mpya za mlingoti. Ukiikuta yenye usukani wa upepo tayari, usibishane sana bei, kwa sababu kuununua mpya ni ghali mno.