Packer ikigoma kwenye "Waiting for SSH", usikimbilie kuongeza muda

Mambo vipi wadau, leo nipo na Packer, ile programu ya HashiCorp ya kutengenezea imeji za VM (kompyuta pepe, inayokaa ndani ya kompyuta nyingine) bila wewe kukaa unabofya-bofya. Ipo toka 2013 na mi naikubali, ila kwenye netiweki itakutoa jasho, na shida kubwa ni huo ujumbe wake mmoja, "Waiting for SSH to become available", yaani inasubiri kuingia kwenye VM kwa SSH, ile njia ya kuiongoza mashine kwa mbali. Unautazama wee, dakika tano zinaisha, inakata, alafu inaifuta na VM yenyewe, sasa hapo utakagua nini?

Kwa hiyo cha kwanza, ukirun build weka -on-error=ask, ikifeli inakuuliza kwanza kabla ya kufuta.

Alafu achana na kuongeza ssh_timeout (muda wa kusubiri SSH) kwanza. Huo ujumbe hausemi SSH ndo mbovu, mara nyingi mfumo wenyewe hata haujaanza kuinstoliwa. Fungua kioo cha VM, mi hapa natumia Proxmox (mfumo wa kuendeshea VM kwenye seva), ona instola ya Debian Linux imeandika nini: "Failed to retrieve the preconfiguration file". Unaona sasa? Faili la majibu ya maswali ya instola halijafika kabisa. Packer inawasha kiseva kidogo cha HTTP kwenye laptopu yako, poti yoyote kati ya 8000 na 9000, na VM ndo inatakiwa ije ichukue faili hapo. Kwenye VirtualBox ya NAT husumbuki sana maana VM inaiona laptopu kama 10.0.2.2, ila kwenye Proxmox VM ipo kwenye seva huko, inakuja kugonga kwako inakutana na fayawoli. We http_port_min na http_port_max zipe namba ileile, mfano 8100, ufungue hiyo tu kwenye ufw, fayawoli ya laptopu yako. Na kama una VPN imewaka, Packer inaweza ikaipa VM anwani ya VPN ambayo haifikiki, hapo unaitajia kadi sahihi ya netiweki kwa http_interface. Kuhakikisha, bonyeza Alt+F2 hapohapo kwenye instola, upige wget ya hilo faili, ikigoma na hapo basi SSH haihusiki kabisa.

Imeinstoliwa vizuri na bado inasubiri? Angalia qemu-guest-agent, kiprogramu cha ndani ya VM kinachoipa Proxmox taarifa zake, bila hiyo Packer haijui IP ya VM, itasubiri mpaka muda uishe.

Ubuntu Server ina vituko vyake, instola yake inawasha SSH ya kwake wakati kazi inaendelea, Packer inadhani mambo tayari, inajaribu paswedi inakataliwa, inakata tamaa. Weka systemctl stop ssh kwenye early-commands (amri za mwanzo kwenye faili la majibu la Ubuntu), imeisha hiyo.

Leseni ya Packer ilibadilika Agosti 2023, si chanzo huria tena kama zamani, kwa matumizi ya ndani ya ofisi yako haikugusi. Mi naipa nane kwa kumi, mbili nimekata kwa huo ujumbe wa kijinga.

Na wale mnaoniuliza mbona VM zote zilizotoka kwenye imeji moja ya Ubuntu zinagombania IP moja, hiyo ni /etc/machine-id (faili la kitambulisho cha mashine), imebaki ileile kwa zote na DHCP, inayogawa IP, inaona ni mashine moja. Mwisho wa build piga truncate -s 0 /etc/machine-id, kila VM itajitengenezea ya kwake ikiwaka.