Shule ya bweni Busia: getini safi, bwenini bado

Binti yangu wa P5 (darasa la tano) yuko shule ya msingi ya bweni hapa Busia, upande wa Uganda, muhula wa pili sasa. Getini wako makini kweli. Siku moja nilimtuma shemeji amchukue. Askari alikataa katakata mpaka aliponipigia simu na kulinganisha kadi ya mzazi na picha iliyo daftarini. Shemeji alinuna. Mimi nilimshukuru yule askari kwa moyo wote.

Bwenini ndiko kunakoniuma. Mlango wa bafu la wasichana hauna komeo, wanaufunga kwa kipande cha kamba. Na fimbo bado iko juu ya kabati la mwalimu wa zamu, ilhali Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 imepiga marufuku viboko shuleni. Mwalimu mkuu akaniambia ni ya kutishia tu. Sikubali.

Mwalimu mama anayewasikiliza wasichana ni mtu wa watu, binti yangu humweleza mambo. Namba ya bure ya 116, ya msaada kwa watoto, imebandikwa ukutani, lakini watoto hawana simu ya kuipigia. Nimeomba iwekwe moja kwa matroni. Siku ya kufungua shule nitaanzia bafuni, niangalie komeo.